Chai ya Saa Nne katika Idara ya Elimu ya Maji

Haya hayakutokea zamani sana wala mbali sana, na jina la nchi yenyewe silitaji kwa sababu wenyewe hawajanituma. Ni nchi nzuri, ina amani na mabango. Ina Chuo Kikuu kimoja kikubwa juu ya kilima, na chini kabisa ya jengo kuukuu la chuo hicho, ambalo kuta zake hutoka jasho mwaka mzima, palikuwa na Idara ya Elimu ya Maji. Humo ndimo alimofundisha Dokta Eufrasia Nandonde, na humo ndimo yalimomkuta haya.

Idara ile ilikuwa na desturi yake. Kila siku saa nne asubuhi, aliyekuwa zamu alichemsha birika kubwa la umeme, na walimu wote wakakusanyika chumba cha mwisho wa korido kunywa chai. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake, kimeandikwa jina kwa rangi ya kucha, kinaning'inia kwenye msumari wake ukutani. Mwenye kipindi saa hiyo alipita mapema, akakishusha kikombe chake na kukiweka mezani mdomo chini. Hapo wenzake walielewa kuwa yuko darasani, asimiminiwe, chai isije ikapoa bure. Sheria hiyo aliiweka Profesa Kalumuna, mkuu wa idara, mzee mwenye kikohozi kikavu, ambaye hakuwa na simile na mwalimu anayepiga soga huku wanafunzi wanamsubiri. Akiona kikombe cha mtu kimefunikwa na mwenyewe bado yuko kitini, alikohoa mara moja tu. Mtu huyo alitoka mbio bila kuaga.

Halafu wakaanza kufa. Alitangulia Profesa Kalumuna mwenyewe, kwa presha, akitoka kwenye semina ya afya ya wafanyakazi. Akafuata Dokta Mwanahija, yule aliyekuwa akitia tangawizi kwenye kila kitu. Huyo alifia kwenye benchi la hospitali akisubiri sahihi ya mtu aliyekwenda kula. Wengine walikwenda na sukari, wengine ajali, mmoja alichoka tu. Kila mara Chuo kilitoa tanzia yenye maneno mazuri, kikaongeza kwamba kibali cha kuajiri mbadala kiko kwenye mchakato. Na kwa kuwa jina likitolewa mlangoni nafasi nayo inafutwa, majina hayakutolewa. Vibao vilibaki milangoni na vikombe vilibaki kwenye misumari. Nani angeanza kuvitoa?

Dokta Nandonde alipobaki peke yake, siku ya kwanza alitia birikani maji ya mtu mmoja. Birika likanguruma, likanguruma, wala lisichemke. Akalijaza kama zamani, likachemka mara moja. Akaona aibu kumwaga chai yote ile, akashusha vikombe vyote, akamimina, akakaa na chake ameipa mgongo ile meza. Nyuma yake akasikia kijiko kinakoroga. Alipogeuka, vikombe vilikuwa vitupu, vina unyevu ukingoni kama vimetoka kunywewa, na chumba kimenuka tangawizi ambayo hakuitia yeye.

Niseme ukweli, aliogopa. Alitoka akakaa juani. Lakini kesho yake saa nne alirudi, maana angekwenda wapi? Nyumbani hakuwa na mtu wa kumuuliza umeshindaje. Siku zikaenda, hofu ikapungua, ikabaki baridi kidogo mgongoni ambayo aliizoea. Asubuhi alifundisha darasa lake la mwisho, wanafunzi wachache waliobaki katika fani ile, kisha akaja kuwamiminia wenzake. Hakumwambia mtu.

Sasa basi, Mheshimiwa Kiongozi wa nchi hiyo alisafiri ng'ambo, na huko akaonyeshwa chuo kikuu chenye nyasi juu ya paa. Alirudi hana raha. Palepale uwanja wa ndege, kabla hajamaliza ngazi, alitangaza kwamba Chuo Kikuu cha taifa lazima kiwe endelevu, kiwe endelevu kuliko cha wale, na kiwe hivyo kabla ya Sikukuu ya Taifa.

Serikali haikulala. Iliundwa Kurugenzi ya Uendelevu, ikapewa jengo lenye viyoyozi ili wataalamu walitafakari joto la dunia wakiwa wametulia, na magari makubwa meusi ya kufuatilia moshi. Miti ya njia kuu ilikatwa ili bango la PANDA MTI LEO lionekane vizuri kutoka barabarani. Nyasi ziling'olewa, kwani ilibainika kuwa zinakunywa maji, zikatandikwa za plastiki, ambazo zina nidhamu. Vyoo vikafungwa siku za kazi. Mkurugenzi alikuwa Bwana Hamduni Mlekwa, kijana nadhifu mwenye suti ya kijani na tabasamu la mtu aliyetoka semina akielekea nyingine. Alifunga mita kila idara: ya umeme, ya maji, ya taka, na nyingine ndogo yenye kengele, ya kupima pumzi za watu. Mtu akiipita anapumua, kengele inalia. Akafunga za namna hiyo hadi kwenye nguzo za njiani. Matumizi ya kila idara yaligawanywa kwa idadi ya walimu wake kama wanavyosomeka milangoni.

Siku ya matokeo watu walikusanywa Ukumbi Mkuu. Taa hazikuwashwa. Mkurugenzi alisoma gizani kwa tochi ya simu.

"Nafasi ya kwanza, tena kwa mbali sana, Idara ya Elimu ya Maji!"

Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Tiberio Magwaza, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti hata asipokishika, aliinama kwa msaidizi wake. "Idara gani hiyo?" aliuliza. "Ipo?"

Wakaenda kuitazama. Dokta Nandonde aliwakuta koridoni wanasoma vibao vya milangoni kwa heshima, kama watu walioingia nyumba ya ibada.

"Hongera sana, Dokta," alisema Profesa Magwaza. "Siri ni nini? Wenzako wako wapi niwape mkono?"

"Wamefariki, Profesa."

"Wote?"

"Wote."

Mkurugenzi Mlekwa alitazama mita, akatazama milango, akatazama tena mita, na uso wake ukachangamka.

"Hongereni sana," alisema.

Dokta Nandonde alidhani hakusikia vizuri. "Nimesema wamekufa, baba."

"Ndiyo, nimekusikia, Mama. Hawawashi taa. Hawaflashi choo. Hawana karatasi wala kiyoyozi, na hawajapanda lifti hata mara moja. Profesa, hawa ni watumishi wa mfano!" Kisha akakunja uso. "Isipokuwa kuna jambo moja. Kila siku saa nne mita ya umeme inaruka. Mama, unachemsha chai ya watu wangapi?"

"Ya wote."

"Na nani anainywa?"

Ilikuwa inakaribia saa nne. Dokta Nandonde akaona kueleza ni kazi, akawakaribisha ndani. Alichemsha, akamimina, akawaambia wageuke wote watazame mlango. Waligeuka. Nyuma yao kijiko kikakoroga, mtu akavuta funda refu la chai, kisha pakasikika kicheko kidogo cha kike, kama cha mtu anayesimuliwa jambo. Msaidizi wa Makamu alianza kulia kimyakimya. Jasho lilimtoka Profesa Magwaza hadi kola ikalowa.

Mkurugenzi Mlekwa ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alikiinua kikombe kimoja baada ya kingine, akavipindua, akavinusa.

"Hakuna hata tone," alisema kwa sauti ya mtu anayeomba dua. "Hakuna makapi. Hakuna maji machafu. Profesa, taka sifuri."

Kuanzia hapo nchi nzima ilisikia habari za Mfano wa Elimu ya Maji. Profesa Magwaza alihutubia taifa.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Ndugu wananchi, kwa muda mrefu tumemwangalia mtumishi aliyetangulia mbele ya haki kama pengo. Huo ulikuwa ni mtazamo finyu. Marehemu ni mdau. Marehemu ni fursa. Hagomi, hapangi foleni, wala hadai kiti kipya. Nawataka watumishi walio hai mjitathmini. Mtu una miaka ishirini kazini, bado unapumua ovyo ovyo tu, unamsaidia nani?"

Watu walitaka kupiga makofi, wakakumbushwa kwamba makofi yanaongeza joto. Wakatikisa vichwa.

Ikawa mashindano. Idara ya Sheria ilipaka madirisha rangi ya kijani kibichi ili jua lisiingie bila kibali. Idara ya Uchumi walifundishwa kubana pumzi wakaguzi wanapopita. Wakaguzi walipojua, wakawa wanapita polepole. Idara ya Muziki ilipewa tuzo ya kutulia. Ukitembea koridoni mchana kweupe, gizani humo, ungepishana na mtu bila kumwona, ukahisi bega lake tu. Ukimsalimia hakujibu, kwa kuwa salamu nayo ina pumzi. Walimu walianza kukaa ofisini bila kuvua makoti, mikono magotini, macho mlangoni, na jioni wengine walisahau kwenda nyumbani. Wake zao walikuja getini kuwaulizia, wakajibiwa kwamba matokeo yao yanapanda.

Tatizo likabaki wanafunzi. Hao wanapumua sana, wana vumbi, wanakojoa. Mkurugenzi Mlekwa akagundua kwamba mipaka ya vipimo inaishia kwenye uzio, basi idara moja baada ya nyingine wanafunzi wakapelekwa nje ya uzio. Walikaa kule ng'ambo ya mtaro, wameegemea nyaya, wanatazama vyumba vyao vya madarasa. Lilibaki darasa moja tu ndani, la Dokta Nandonde.

Ndipo Profesa Magwaza alipomwita ofisini. Kiyoyozi cha humo kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Kilisajiliwa kama cha majaribio.

"Keti, Dokta. Au simama, kiti kinachakaa. Wakaguzi wa kimataifa watafuatana na Mheshimiwa siku ya Sikukuu ya Taifa, kuja kutukabidhi cheti. Idara yako ndiyo tutakayowaonyesha. Inakaribia ukamilifu. Kinachoichafua ni kitu kimoja."

"Birika?"

"Wewe."

Dokta Nandonde alimtazama.

"Usinielewe vibaya, dada yangu. Hakuna mtu anayekutaka ufe. Sisi si washenzi. Ni suala la kiutawala tu. Tunakuhesabu pamoja na wenzako. Kibao chako kinabaki mlangoni. Unakuja asubuhi kama kawaida, unaketi, unaondoka. Ila hutumii kitu wala hufundishi. Darasa lako linaungana na wenzao huko nje, na birika tunalikatia umeme."

"Na nikikataa?"

Profesa Magwaza alishusha pumzi, kengele ya mlangoni ikalia, akaitazama kwa hasira. "Ukikataa, idara inapoteza sifa, na idara iliyopoteza sifa inavunjwa. Vibao vitatolewa. Vile vikombe... Mkurugenzi, vikombe ni nini kitaalamu?"

"Taka ngumu," alijibu Mlekwa kutoka kwenye kona, akitabasamu.

Dokta Nandonde alitembea kurudi idarani. Aliingia chumba cha chai, akaketi mbele ya ule ukuta. Kikombe cha Profesa Kalumuna kilikuwa cha bati, cha buluu, kimebanduka rangi kwenye kishikio mahali alipokuwa akishika. Akakifikiria kiko jalalani, kimekanyagwa na gurudumu la gari jeusi. Na niliseme hili pia, maana alilisema mwenyewe kwa sauti chumbani humo: alikuwa amechoka. Mara nyingi alikuwa amewaonea wivu. Wao walikuwa wengi, wanacheka, na yeye alikuwa mmoja, amewapa mgongo.

"Mnaonaje?" aliwauliza. "Nije?"

Hakuna aliyejibu. Saa nne ilikuwa haijafika.

Akakubali. Chuo kilimfanyia msiba wa heshima. Picha yake ilitundikwa Ukumbi Mkuu na utepe mweusi, na maombolezo yakafanyika bila chakula, kwani chakula kina mabaki. Pilau ilionyeshwa ukutani kwa picha, ya mbuzi, yenye kachumbari. Watumishi walijipanga kutoa pole, na kwa kuwa ndugu mwingine hakuwepo, walimpa pole yeye mwenyewe.

"Pole sana, Dokta, kwa msiba."

"Nimeshapoa."

"Alikuwa mtu wa watu."

"Ahsante."

Darasa lake lilihamishwa siku hiyo hiyo. Alisimama dirishani akawaona wanavuka geti na madaftari yao kichwani kukinga jua. Mmoja wao, Tunsume, mama mtu mzima aliyekuja kusoma baada ya kulea, aligeuka akapunga mkono. Dokta Nandonde hakupunga. Alikuwa ameambiwa asifanye hivyo.

Mwanzoni aliona ni mchezo wa ofisini tu. Kila asubuhi alipopita getini, mlinzi, Bwana Chitemo, aliyemwamkia kila siku kwa miaka, alitazama pembeni. Sawa, ameagizwa. Baadaye akaona Chitemo hatazami pembeni tena; anamtazama usoni hasa, macho yakipita hadi barabarani, akapiga mwayo. Katika duka la chuo aliomba kiberiti, muuza duka akaendelea kupanga sabuni. Aliita. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Usiku aliota wanamsomea tanzia na yeye anasahihisha lugha.

Lakini kilichomtisha hasa kilikuwa kengele. Ile ya mlango wa idara zamani ililia kila alipopita, hadi akaichoka. Sasa ikaanza kulia kwa kusitasita. Kisha ikawa inalia akipita haraka tu, akihema. Asubuhi moja akapita, haikulia. Akarudi nyuma, akapita tena. Akaisogelea, akaipulizia kwa nguvu zote za kifua chake.

Kengele haikulia.

Akaenda kuketi chumba cha chai. Birika lilikuwa baridi, waya wake umekatwa na kufungwa lakiri ya Kurugenzi. Vikombe vilikuwa vikavu, vina vumbi. Tangu umeme ukatwe saa nne ilikuwa inapita bila kijiko kulia. Huo ndio uliokuwa uchungu wenyewe: alikuwa amejitoa ili awe nao, na sasa hana wanafunzi, na wao hawaji. Alilia siku hiyo, na hata kilio hakukisikia vizuri.

Sikukuu ya Taifa ikafika. Hema lilisimikwa juu ya nyasi za plastiki, zikanuka kwa jua. Mheshimiwa alikuja na msafara uliochukua nusu saa kumalizika kuingia, wakaguzi wa kimataifa wakakaa mstari wa mbele wakijipepea, na walimu wa chuo wakaketi nyuma, wamenyooka, hawapepesi macho, nzi wanatembea juu ya miwani yao. Mheshimiwa aliwatazama akapendezwa sana.

"Watulivu," alisema.

"Kabisa, Mheshimiwa," alijibu Profesa Magwaza. "Asilimia kubwa hawasumbui tena."

Hotuba zikaanza. Dokta Nandonde alikuwa amesimama ubavuni mwa hema, hana kiti, na hakuna aliyemwona. Alipoangalia saa ya mnara, ilikuwa inaelekea saa nne. Akajiambia, basi, yatosha. Naenda kuketi nao moja kwa moja. Sitarudi nyumbani leo wala kesho. Nikikaa vya kutosha, watakuja.

Akaiacha ile hadhara, akashuka chini ya jengo. Kengele ya mlango haikulia. Na alipokanyaga korido tu, akasimama.

Tangawizi.

Harufu ilikuwa imejaa korido nzima. Akatembea akishika ukuta unaotoka jasho, akipita jina moja baada ya jingine, hadi kwenye mlango wa mwisho. Ndani birika lilikuwa linachemka. Waya wake umekatwa, lakiri iko palepale, na kifuniko kinarukaruka. Vikombe vyote vilikuwa vimeshushwa ukutani, vimepangwa mezani, vimefutwa vumbi, vimejaa chai, na kila kimoja kinatoa mvuke. Viti vilikuwa vimevutwa kidogo nyuma, kama watu wamekwisha kaa.

"Mmenimiminia," alisema Dokta Nandonde, na machozi yakamtoka kwa furaha. Alikuwa amewamiminia wao siku zote hizo, na leo ni wao. Akavuta kiti chake. Akatafuta kikombe chake.

Kilikuwa mbele ya kiti chake, mezani, kimefunikwa mdomo chini.

Kwanza hakuelewa, akaumia. Alidhani wamemkataa. Jamani hata nyie? Akakishika akigeuze, hakikugeuka. Akakivuta kwa mikono miwili, kikang'ang'ania meza kama kimepigiliwa. Akawageukia kwa hasira, wale asiowaona. "Nimekosa nini mie? Nimeacha kila kitu kwa ajili yenu! Niende wapi? Hata kengele hainijui tena!"

Mvuke ukapanda.

Kisha, kutoka upande wa kile kikombe cha bati cha buluu, mtu akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kikavu.

Mwili ulielewa kabla ya kichwa. Alishtuka, akasimama wima, kiti kikaanguka nyuma, mkono wake tayari unapapasa mfukoni kutafuta chaki. "Samahani, Profesa," alisema. "Samahani sana, nilijisahau," na akatoka mbio bila kuaga.

Kengele ya mlangoni ililia. Ililia hasa, hadi ikaning'inia kwa waya mmoja. Alipopanda ngazi anahema, za koridoni zikaitikia. Akatokea uwanjani, kila nguzo aliyoipita ililia, na njia fupi ya kwenda getini ilikatisha katikati ya hema. Akakatisha. Mheshimiwa alikuwa amenyanyua cheti juu, anasema neno "vizazi", akanyamaza. Mama mmoja mwenye viatu vya vumbi alikuwa anapita mbele yake anakimbia, kengele zikipigwa huku na huku, na nyuma kabisa baadhi ya walimu wakapepesa macho. Mmoja akapiga chafya. Mwingine akamwuliza jirani yake leo ni siku gani.

"Hizo kengele ni za nini?" aliuliza mkaguzi mmoja.

Mkurugenzi Mlekwa alikuwa ameloa, tabasamu liko palepale. "Za kipindi, Bwana Mkaguzi. Hiki ni chuo."

Pale getini Bwana Chitemo aliruka kutoka kitini. "Shikamoo, Mwalimu! Ulikuwa wapi siku zote hizi? Mbona hivyo, unakwenda wapi?"

"Marahaba. Nachelewa darasani."

Wanafunzi wake walikuwa ng'ambo ya mtaro, wameketi juu ya matofali, madaftari magotini. Tunsume ndiye aliyemwona, akainuka, wote wakainuka. Walikuwa wakija kila siku saa ya kipindi na kukaa hadi mchana, alimwambia baadaye. Walikuwa hawajui la kufanya, wakaona waje tu wakae. Dokta Nandonde alijifuta uso kwa kiganja, akauegemea uzio hadi pumzi ikamrudia. Mbele yao katika mtaro maji machafu ya Kurugenzi ya Uendelevu yalikuwa yanapita kwa kasi, yana povu.

"Tuliishia wapi?" aliuliza.

"Wapi maji yanakwenda yakitoka chuoni, Mwalimu," alisema Tunsume.

"Haya. Tazameni hapo."

Chuo kilipata cheti chake. Kimetundikwa Ukumbi Mkuu, ingawa kusoma huwezi, taa hazijawashwa. Picha ya Dokta Nandonde yenye utepe mweusi iko pembeni yake, na kila mwaka Profesa Magwaza huiwekea ua la plastiki. Kiserikali suala lake limekwisha, na kwa kuwa amekufa hakuna anayeweza kumfukuza. Darasa la mtaroni limeongezeka. Wamo hata walimu wawili wa Uchumi, wanajifunza kuvuta pumzi taratibu.

Kila asubuhi, kabla ya kipindi, Dokta Nandonde hupitia nyuma ya lile jengo kuukuu, mahali penye dirisha dogo la chumba cha chai. Hufuta ukungu kwa kiwiko, akachungulia. Ndani kuna mvuke na viti vimevutwa. Hutafuta kikombe chake kwa macho, moyo ukimdunda. Mpaka leo akikiona kimefunikwa, huchukua mkoba wake akaenda kufundisha.